Ukuta Usiofika Juu

"Ulisikia mangapi?"

Mjukuu wangu aliuliza hivyo akiwa bado juu ya stuli, futi ya kupimia inaning'inia shingoni, chumbani kwa mchumba wake. Alikwenda kupima dirisha ashone pazia, maana harusi ilikuwa Jumamosi na yeye ni mshonaji, hakubali pazia la kununua. Mimi nilikuwa chumbani kwetu, upande wa pili wa ukuta, nikidhani wameshatoka. Nikaomba kwa sauti kama tulivyozoea. Nilimwomba Mungu anipe magoti ya kucheza siku hiyo, hata ya kuazima, na yule kijana ampunguzie ukimya kidogo.

Kumbe neno kwa neno lilimfikia; nikasikia stuli inalia. Kisha hilo swali.

Kijana ni fundi wa dari, na kwa jinsi asivyo na maneno mtaa mzima unamwita Kimya.

Nyumba yetu ni ya vyumba vya kupanga, na kuta zake hazikufika juu. Zinaishia kwenye boriti ya mtambaapanya, halafu ni bati moja kwa vyumba vyote. Upande ule palikuwa stoo ya mwenye nyumba miaka mingi, tukazoea kuwa hakuna mtu. Alipohamia huyu fundi hatukusikia hata kijiko kikianguka. Mjukuu wangu akaendelea kuomba kila alfajiri, macho amefumba, moyo wote nje.

"Nilikuuliza kama nakusumbua nikiomba," alisema. Sauti ilikuwa ya chini, nami ninayemjua ndipo nilipoogopa. "Ukaniambia unalala kama gogo."

"Nilisema hivyo."

"Ulikuwa unalala kama gogo?"

"Hapana."

"Basi ile ishara uliisikia."

"Niliisikia."

Niliketi kitandani. Hiyo ishara naijua vizuri. Mjukuu wangu aliwahi kuachwa na mchumba, gauni la harusi limeshakatwa, vipande vikabaki mezani bila kushonwa. Tangu hapo alisema hatachagua tena kwa macho yake. Akamwomba Mungu ishara: mtu wake awe yule atakayemuulizia bibi kabla ya kumuuliza yeye lolote. Ikapita miezi. Asubuhi moja akasikia hodi, akafungua, fundi amesimama mlangoni. "Bibi mzima?" Mjukuu wangu alishika mlango asianguke.

Alitoa ushuhuda kanisani. Alisema mtu huyo alikuja pekupeku, kama aliyetumwa ghafla. Wanawake walilia. Wako waliokuwa wameacha kuomba, wakarudi kwa sababu ya maneno yake. Kwa hiyo siku hiyo juu ya stuli hakuwa anampoteza mchumba peke yake.

"Uliiba majibu ukaja nayo mlangoni," alisema.

"Nisikilize kwanza."

"Nimekusikiliza mwaka mzima. Nilidhani namsikiliza Mungu."

Hapo yule kijana akaongea maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akiongea.

"Nilianza kukupenda nikikuona unafua pale uani. Nilipoisikia ishara nikaamua nisije kabisa, maana nikija nitakuwa mwizi. Nilikaa hivyo hivyo. Siku ile Bibi hakukohoa. Kila asubuhi hukohoa kabla wewe hujaanza kuomba. Siku ile hakuna. Nikatoka mbio. Nikasema, 'Bibi mzima? Leo sijamsikia akikohoa.'"

"Hukusema hilo la pili."

"Nililisema. Wewe ulikuwa umeshika mlango, umetokwa na machozi. Ndipo nikakumbuka ishara yako. Nikaona nikieleza nitakukosa, nikanyamaza. Kosa langu ni hapo, na lile la gogo."

"Nani alikusikia?"

"Hakuna."

Kweli hakukuwa na mtu. Mimi siku hiyo nilitoka mapema kwenda kliniki kwa ajili ya haya magoti, ndiyo maana kikohozi hakikuwepo. Nisingeweza kumtetea hata kama ningetaka.

"Na hizo mbao?" mjukuu wangu aliuliza. "Unawawekea watu dari kila siku, wewe unalala chini ya bati. Mbao zimeegemea ukutani zinangoja mchwa."

"Ningeweka dari nisingekusikia."

Alishuka kwenye stuli akarudi chumbani kwetu.

Alfajiri iliyofuata hakuomba. Wala iliyofuata hiyo. Aliamka, akakaa kwenye cherehani, akashona gauni lake la harusi lile lile kama anashona la mteja. Sikumwambia lolote zaidi ya kwamba chai inapoa. Kuna wakati mtu akisemeshwa ndiyo kwanza anajifunga.

Simu yake ikalia mezani. Alisoma, akanisogezea nisome na mimi.

"Niko hapa upande wa pili. Siku hizi sikusikii. Hata kama hunitaki, usiache kuomba."

Akajibu: "Unataka kusikiliza tena?"

"Hapana. Kesho nahamia kwa kaka yangu ili uwe huru."

Alikaa na simu mkononi muda mrefu. Halafu akaandika: "Jumamosi nitakuja kanisani. Sijasema nitajibu nini." Akaizima.

Jumamosi nilimfunga vifungo vya gauni mgongoni. Mgongo ulikuwa umekakamaa kama ubao. Nikamuuliza kama ameamua. Akasema, "Bibi, hata mimi nasubiri kujua." Tukaenda.

Wale wanawake waliolia siku ya ushuhuda walikaa benchi la mbele, wamependeza. Mchungaji alisoma, akasifu, akafika pale pa kuuliza kama kuna mwenye pingamizi. Huwa hasimami mtu. Alishafungua mdomo kuendelea.

"Ninalo mimi," alisema bwana harusi.

Akageukia watu. Akaeleza yote: ukuta, ishara, kikohozi, lile gogo. Hakuweka sukari. Mwisho akasema waliolia siku ile wamsamehe yeye, bibi harusi hakuwadanganya. Nilimwona mama mmoja benchi la mbele ameinamisha kichwa, nikasema moyoni, basi, huyu naye tumempoteza.

Mchungaji akamtazama mjukuu wangu. "Umesikia, mwanangu?"

"Nina swali moja." Akamgeukia mchumba wake. "Siku ile mlangoni ulivaa viatu gani?"

Kijana akafikiri. "Sikuvaa."

"Kwa nini?"

"Nitafute viatu, na Bibi amekufa?"

Kuna mtu alicheka nyuma, na mimi mwenyewe mfu nikacheka. Mjukuu wangu hakucheka. Alikuwa anamwangalia miguu, kama anaiona kwa mara ya kwanza, na machozi yanashuka. Siku zote alikuwa na lile neno, pekupeku, mkononi na hakujua la kazi gani: aliyekuja kuiba angevaa viatu kwanza.

Akawaambia watu, "Ushuhuda wangu ulipungukiwa maneno. Leo mmeyapata. Niliomba aje mtu anayemjali bibi yangu. Sikumpangia Mungu njia ya kumpitisha."

Kisha kwa mchumba wake, polepole: "Ila ukiniambia tena unalala kama gogo, utalala uani."

"Nimesikia," alisema Kimya.

"Endelea, Mchungaji."

Magoti niliyoomba nilipewa. Nilicheza nyimbo mbili, ya tatu nikatafuta kiti.

Sasa wanakaa upande ule wote wawili. Fundi alitaka kuweka dari, mkewe akakataa, zile mbao zikawa meza ya kukatia nguo. Alfajiri nasikia sauti mbili, ya pili inasitasita kama ya mtu anayejifunza kusoma. Na mimi nikilala kupita kidogo, ukuta unagongwa.

"Bibi?"

Basi nakohoa, hata siku ambayo kikohozi hakipo.