Mstari Uliozidi

Mstari uliozidi ulikuwa wa mwisho kabisa, na Nélida aliusoma mara tatu: "Mvua. Nélida amelia jikoni."

Marehemu mumewe, Ercilio, alikuwa mpima mvua pale Chiloé, kisiwa cha mvua kusini mwa Chile, kazi ambayo haikumwachia hata siku moja ya kupumzika. Kila siku aliandika faili lake dogo kwenye kompyuta: mvua kiasi gani, kisha neno moja mawili ya nyumbani. Mjane akachoka kuyafungua moja moja. Mchana ule akaandika cat, amri ya kuunganisha mafaili, kwenye kioo cheusi cha kompyuta, kama mumewe alivyomfundisha, kisha majina ya mafaili, mshale, na jina la faili jipya la kuyabeba yote; mwishoni mwa hilo ndipo mstari ule ulipokuwa.

Akakagua mafaili madogo. Mstari ule haukuwamo. Na jikoni alikuwa amelia asubuhi hiyohiyo.

Akaunganisha tena. Sasa mistari iliyozidi ilikuwa miwili, na chumba kizima kikanuka sufu iliyolowa ikavunda, harufu iliyotoka nyuma ya kiti chake ikamzunguka taratibu hadi usoni, naye hakuthubutu kugeuka.

Akamwita Rosalba, jirani aliyeagua watu wa kitongoji. Rosalba aliketi karibu na jiko la kuni, chai yake ya majani ya mate ikapoa bila kunywewa.

"Mumeo alikuwa akikuitaje humo?" alinong'ona.

"Bibi kizee. Tangu tukiwa vijana."

"Na jina lako?"

"Hakuwahi kuliandika."

"Basi si yeye, mwenzangu. Kitu hicho kilikuwa kikizurura vipande vipande, wewe ukakishona, ukakipa mwili. Lifute hilo faili kubwa. Siku za marehemu zisome moja moja."

"Nikifuta, nani atanisemesha?"

"Nitakuja mimi."

"Wewe una wajukuu, Rosalba."

Hata hivyo akafuta. Harufu ikatoweka, na nyumba ikabaki na kimya kibaya. Upweke ulimuuma kuliko hofu. Asimcheke yeyote ambaye hajawahi kukaanga milcao, zile chapati za viazi, za watu wawili kwa mazoea, kisha akala peke yake. Kabla giza halijaingia, akaandika cat tena.

Mistari ikapita, mvua juu ya mvua, miaka ya bibi kizee huyu kapika, bibi kizee huyu kanuna, mpaka ikafika mwisho na kusimama.

"Nimelowa. Nifungulie, Nélida."

Kitu kikakwaruza mlango, chini kabisa, karibu na kizingiti. Alijua si Ercilio. Akaenda kuchukua taulo.