Uchafu wa Jumamosi Kosele

"Kunguru, zima taa ya Kosele. Mwisho saa nane mchana."

"Nimekupata, mkuu."

Gesare alitema kapi la muwa dirishani, akakanyaga mafuta. Subaru ikanguruma.

Kuzima taa maana yake ni kufunga ukurasa wa mtandaoni na kumkamata mwenye nao. Jasusi haulizi. Akiuliza, hurudishwa ofisini kuchemsha chai.

Mwenye ukurasa alikuwa Phelesia, mjane wa kibanda cha kupiga chapa. Kila wiki alirusha picha za mgodi wa dhahabu uliofukia wanaume watatu kule Migori, akitaja majina yao. Wenye mgodi walisema hakuna mtu chini.

Chini kulikuwa na mumewe.

Sasa ukurasa huohuo ulikuwa na video ya ngono. Uso, wa Phelesia. Watazamaji, elfu arobaini.

Kibandani, Gesare alilaza bastola yake ya Glock juu ya kaunta kama anayeweka kibeti.

"Mama, umetoka vizuri kwa video."

"Nyar Gusii, binti wa Gusii, usinicheke," alisema Phelesia akilia. " Huo mwili si wangu. Wamenibandika uso."

"Wote husema hivyo. Faili inasema uliirusha kwa laptop hii, Jumamosi saa nne asubuhi."

Phelesia akaacha kulia.

"Jumamosi? Yawa! Mimi ni Msabato! Ijumaa jua likizama nazima umeme, laptop nafungia humu, ufunguo unalala kwa mzee wa kanisa. Saa nne nilikuwa naimba kwaya. Na jana wanakwaya hao hao wamenivua sare."

Gesare alimkumbuka mamake, naye Msabato. Siku ya Sabato hakuosha hata sufuria. Phelesia angefungua duka siku hiyo, Kosele nzima ingejua kabla ya sala ya kwanza.

Aliyetunga uongo huu hakuwa mtu wa hapa.

"Laptop ulipata wapi?"

"Zawadi. Ya Krall, mzungu wa Suna. Anafundisha makanisani mtandao safi, watoto wasione uchafu. Ndiye amenishtaki kwenu."

Krall! Mwaka mzima Gesare alikuwa akifukuza dhahabu ya magendo ya huyo bwana, na mashahidi wakimpotea. Zawadi yake ilikuwa ikimnong'oneza kila nywila ya mjane.

"Mama, niazime ukurasa wako."

Alijifunga kamera ya kifungo kifuani, akaiunganisha na simu.

Kule Suna, Prado nyeupe ya Krall ilikuwa ikitoka getini kwake, pua imeelekea Ntimaru, mpakani.

Risasi moja. Tairi likakaa chini.

Krall alishuka akitabasamu. Gesare akapasua katoni ya vijitabu vya maadili. Chini ya maadili, dhahabu.

"Afisa, tuongee," alisema Krall kwa Kiswahili cha kunyooka. "Yule mwanamke amekwisha. Nilimvua nguo mbele ya kanisa lake. Nani atamsikiliza akisema kuna maiti kwenye mgodi wangu?"

"Kwa hiyo video ni yako?"

"Na sheria ni yenu. Mimi natengeneza uchafu, nyinyi mnamfagia mwenye mdomo."

Simu ikalia kwenye kisikizi cha sikioni. Mkuu wake, Mogire.

"Kunguru! Uko hewani! Funga huo ukurasa!"

"Mtandao ni mbaya, mkuu."

Akakata. Akamgeuzia Krall kioo cha simu. Elfu arobaini walikuja kutafuta uchi wa mjane. Sasa walikuwa wakimtazama yeye, na idadi inapanda.

Tabasamu likadondoka.

"Futa! Nakuomba, futa!"

"Taja waliofukiwa."

"Siwajui!"

Gesare alimvunja kidole kidogo. Taratibu, kama anayekonyoa hindi.

"Unawajua."

"Javan! Okemwa! Machuki!"

"Huyo wa kwanza rudia. Mkewe anatazama."

Akarudia, akilia. Kisha pingu.

Alipomrudishia Phelesia ukurasa wake, wanakwaya wawili walikuwa mlangoni, sare mkononi, macho chini. Phelesia hakuipokea.

"Afande, niambie ukweli. Ile video itatoka kwa simu za watu?"

Gesare alijua jibu tamu. Hakulitoa.

"Haitoki, mama. Kuna watu watakaa nayo hadi kufa."

Phelesia alitikisa kichwa polepole. Kisha akafungua simu yake, akaanza kupandisha picha za mgodi.

Redio ya Subaru ilikuwa ikifoka: "Kunguru! Taa ya Kosele imezimwa?"

Gesare aliuma muwa.

"Inawaka, mkuu."

Akazima redio, akaondoka.