Radi Bega la Kulia

Msafishaji wa studio alipofungua chumba cha ushonaji saa mbili asubuhi, alidhani fundi amepitiwa na usingizi sakafuni. Akamwita. Akamgusa mkono, kisha akaurudisha wake haraka kama aliyeshika kaa la moto.

Inspekta, mwanamke asiyependa maneno mengi, alifika wafanyakazi wengine wakiwa bado wanazuiwa langoni. Dada Uzi, kama studio nzima ilivyomwita yule fundi, alikuwa amelala chali kando ya meza ya kukatia vitambaa. Kisogo kilikuwa kimepasuka, na damu imekaukia kwenye kona ya meza. Mkufu wa dhahabu ulikuwa shingoni, pochi ipo mezani. Mwizi hakupita hapa.

Katikati ya chumba ilisimama sanamu ya kujaribishia nguo, imefunikwa shuka. Inspekta akaifunua. Ilikuwa imevishwa vazi la kijivu lenye mishono mingi.

"Hilo ndilo la Binti Radi," msafishaji alisema, akifuta machozi kwa upindo wa kitenge. "Hadi jana jioni naondoka lilikuwa bado vipande vipande. Aliniambia ataliunga, aligeuze ndani nje, alitie bitana kwa ndani."

Inspekta akarudisha shuka.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa Binti Radi ni nani. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akiokoa watu kwenye katuni za gazeti, na sasa alikuwa anatengenezewa filamu. Mashabiki walishindwa kusubiri. Simuni walibishana usiku na mchana: nani ataigiza, je, atakufa mwishoni, je, ile alama ya radi begani itabaki? Watu waliopikiana na kuzikana walifikia kununiana kwa jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelijua.

"Jana jioni hakuingia mgeni, afande," mlinzi wa lango aliapa. "Labda yule Tetesi, mwenye ukurasa wa mashabiki. Mchana alitaka kuruka ukuta nikamtimua."

Tetesi aliletwa kituoni viganja vikiwa vimechubuka.

"Ulirudi jioni?" Inspekta aliuliza.

"Ningerudije, afande? Wenzako wa kituo cha sokoni walinikamata alasiri, pikipiki haina leseni. Nimelala kwenu mpaka alfajiri. Mbu wenu ni mashahidi."

Inspekta alipiga simu moja. Ni kweli.

"Lakini ulitaka sana kuliona hilo vazi."

"Nani hataki? Tazama." Akatoa simu. Makisio yalijaa humo kama siafu, na karibu mashabiki wote waliamini jambo moja, kwamba vazi ni la buluu na radi iko bega la kushoto, kama kwenye katuni. Mmoja tu alijitenga. Jana, saa moja na nusu jioni, mtu anayejiita Jicho aliandika: "Acheni kubahatisha. Mimi nimeliona kwa macho yangu. La kijivu, na radi wameihamishia bega la kulia."

Chini yake yalifuata matusi na vicheko.

"Huyo tunamwita Jicho Kengeza," Tetesi alisema. "Kila filamu anatabiri, kila filamu anakosea. Sura yake siijui. Kazi yetu ni kumcheka tu."

Inspekta hakucheka. Alirudi kwenye lango la studio.

"Asubuhi nilikuuliza mgeni. Sasa nakuuliza mtu. Nani aliingia jioni?"

"Mtu? Aa, mdogo wake marehemu tu. Humpitia dada yake kila siku waende nyumbani. Yule si mgeni."

"Walitoka pamoja?"

Mlinzi alishika kichwa. "Alitoka peke yake. Alisema dada bado ana kazi."

Nyumbani kwa marehemu mlijaa majirani. Mama mzazi alikuwa chumbani, amekaa juu ya mkeka. Mdogo wa marehemu, fundi simu mwenye macho mekundu kwa kulia, alimpeleka Inspekta jikoni ili wazungumze.

"Nilimkuta ana kazi, nikaondoka," alisema. "Hata mlangoni sikuvuka."

"Pole sana. Studio wamesema filamu itaendelea. Kesho watalionyesha vazi la Binti Radi. La buluu, radi bega la kushoto."

"Si kweli."

"Ndivyo walivyosema. Mashabiki walikisia sawasawa."

"Wanakuongopea, afande! Ni la kijivu, na radi iko kulia! Mimi..."

Inspekta akatoa vazi kwenye mfuko, akaliinua likiwa bado limegeuzwa. Kijivu, mshono wa radi kulia. Kisha akaligeuza taratibu. Likatokea buluu, na radi ikahamia kushoto.

"Uliona bitana," alisema. "Liligeuzwa hivyo jana jioni, mle chumbani tu."

Kijana akakaa chini.

"Nilitaka picha moja," alisema. "Moja tu. Miaka yote wananicheka. Dada akafunika shuka, akaning'ang'ania simu. Nikamsukuma. Sikumsukuma kwa nguvu, wallahi."

"Ukamwacha, ukaenda kuandika."

"Nilidhani ameshakufa."

Daktari alikuwa ameshamwambia Inspekta jambo ambalo angetamani kutolijua: fundi alikata roho karibu na usiku wa manane. Ujumbe ule ulipokuwa ukiandikwa alikuwa bado anapumua. Akamwambia kijana, kwa sababu mahakamani angelisikia tu. Kijana hakulia tena. Aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyepotea njia, "Kwa hiyo ni kushoto?"

Kabla jua halijazama, mashabiki walikuwa wameshapata habari. Wengine walianza kukisia kama mauaji yatachelewesha filamu.

Askari wawili walimpitisha kijana katikati ya majirani. Mama yake alitoka chumbani ameshika ukuta, akatazama pingu, akamtazama Inspekta.

"Mwanangu," alimwambia, "mmoja yuko chumba cha maiti, na huyu mnampeleka mahabusu. Nianze kwenda kwa yupi?"

Inspekta alivua kofia. Gari likawashwa nje.