Kwa Nini Wabwile Alimkimbia Mama

"Huyo kijana wako nimemuona leo na macho yangu haya mawili," Mama Rosaline alisema kabla hata ya kuketi.

Nelima, binti yake, alikuwa amepiga magoti sebuleni kwao Bumula, begi kubwa likiwa wazi mbele yake. Pasipoti, viza, bima na barua ya chuo cha Finland vilikuwa mezani. Chuo chake kilikuwa kimemchagua kwenye mpango wa kubadilishana wanafunzi, na zilibaki siku nne aondoke kwa mwaka mzima.

"Umemuona wapi, mama?"

"Kitale, sokoni, pale kwa mitumba yake. Anamvalisha msichana koti! Anamfunga vifungo, anampima mabega, wanacheka."

"Si ni kazi yake kuuza nguo?"

"Ngoja nimalize. Nikamwita, 'Wabwile!' Akaniangalia hivi. Akatoka mbio, Nelima! Mwanaume mzima! Akajificha nyuma ya marobota. Nikamfuata nimsalimie, akaruka meza ya viatu ya watu, akapotea."

"Labda hakukujua."

"Ati hakunijua? Krismasi si alikula hapa, akanisalimia na mkono? Mtu hana makosa anakimbia nini?"

Hapo hata wewe ungeshuku. Wiki nzima Wabwile alikuwa wa maneno machache kwenye simu, kila saa "nitakupigia, niko busy". Kumbe busy yenyewe ina mabega.

Hakuuliza swali. Alichukua simu akaandika:

*Mama ameniambia yote. Baki na huyo wako. Jumapili naenda, usinitafute.*

Kisha akaifungia namba yake na kulia juu ya nguo alizokuwa amezikunja vizuri. Miaka miwili ya mapenzi, imekwisha kwa ujumbe mmoja. Safari aliyoiombea sana ikawa chungu, maana sasa angeondoka akiwa amesalitiwa.

Kesho yake asubuhi akapigiwa na namba ngeni.

"Hallo, ni Nelima? Sasa. Mimi naitwa Joan, nauza viatu hapa Kitale, karibu na Wabwile."

"Joan gani?"

"Yule wa koti."

Nelima nusura atupe simu.

"Dada, uko na roho ngumu! Unanipigia unitukane?"

"Usikate, tafadhali! Mimi niko na bwana na watoto wawili, bana. Wabwile amekaa hapa kama mtu amefiwa, umemfungia namba. Hilo koti ni lako. Ametafuta wiki mbili koti ya baridi ya huko unaenda. Akaniambia, 'Joan, mabega yako ni kama ya Nelima, hebu jaribu.' Ni hivyo tu."

Nelima akaiweka simu kwenye spika, akaketi. Moyo ulitaka kuamini, lakini kulikuwa na jambo moja bado.

"Kama ni hivyo tu, alimkimbia mama yangu kwa nini?"

Ukasikika mkwaruzo, simu ikabadilisha mikono.

"Nelima, ni mimi."

"Jibu, Wabwile. Ulikimbia nini?"

"Sasa ungetaka nifanye nini? Nimpatie mama mkwe mkono katikati ya soko?"

"Mama mkwe wa nani? Hata mzee mmoja hujatuma kwetu!"

"Wanakuja Jumamosi."

"Nani wanakuja?"

"Baba yangu na mjomba Wamalwa. Baba yako ameshapigiwa simu. Nilimwambia mzee wangu Jumapili iliyopita, akakubali. Akaniambia, 'Kuanzia leo yule mama ni mama mkwe wako. Ukimuona njiani, ondoka.' Krismasi nilikuwa rafiki yako tu. Sasa mila yetu inataka heshima, Nelima. Nilimuona, nikaondoka."

"Uliruka meza ya watu!"

"Si yeye alikuwa ananifuata! Kila nikijificha, huyu hapa!"

Nelima alicheka huku machozi yakimtiririka.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utafikiri nataka kukuzuia. Sikuzuii. Nenda usome. Nataka tu kwenu wajue kuna mtu anakungoja."

"Pole kwa ile meseji. Nilikuwa nimekuzika mzima mzima."

"Nifungulie tu namba, bana. Joan anataka simu yake."

Mama Rosaline alikuwa mlangoni na sinia ya mboga, amesikia neno kwa neno. Alikaa chini pole pole.

"Ati mzee wao ameshakubali?"

"Ndiyo, mama. Hata baba anajua."

"Na baba yako amenyamaza tu! Woi! Nelima, nimemkimbiza mkwe wangu soko nzima! Nimemwita jina lake mbele ya watu! Nikasema hata, 'Simama, nimekuona!'" Akajifunika uso na leso. "Watanisema mpaka Sirisia."

Jumamosi wazee walifika saa nne, wakapewa viti sebuleni. Wabwile akaketi mwisho kabisa, koti la kijivu likiwa limekunjwa magotini, macho chini. Mama Rosaline hakuonekana, alikuwa amejifungia jikoni tangu aliposikia lango.

Baba yake Nelima akamwita binti yake mbele ya wote, kama ilivyo desturi.

"Hawa watu wamekuja hapa. Unawajua?"

"Nawajua, baba."

"Na huyu kijana?"

"Namjua."

"Kesho unaenda ng'ambo mwaka mzima. Tuwaambie nini?"

Nelima alimtazama Wabwile, ambaye alikuwa amelikumbatia lile koti.

"Waambie naenda kusoma, baba. Na waambie nikirudi, watu wetu watapeana siku ya mahari."

Mjomba Wamalwa akapiga meza kwa furaha. Wabwile akafuta macho na mkono wa shati, bila aibu yoyote. Na kutoka jikoni, nyuma ya mlango uliofungwa, kikatoka kigelegele kirefu cha mama ambaye hakuna mgeni aliyemuona.