Matundu Yanayofunguliwa Pasaka

Verdell Gaskins alirudi kutoka kazini miguu ikimuuma. Kazi yake ilikuwa kufua mashuka ya hospitali, kutwa nzima ndani ya mvuke. Alipofika nyumbani, kitu cha kwanza kumpokea mlangoni kilikuwa harufu kama ya viatu vilivyolowa.

Ilikuwa Agosti, na huko mashariki mwa Karolina Kaskazini Agosti haina huruma. Joto lilikuwa la kunata. Verdell aliongeza baridi ya kiyoyozi, akavua viatu, akakanyaga sakafu. Mbao zilibonyea kidogo chini ya nyayo zake. Kingo zake zilikuwa zimeanza kupinda tangu mwaka juzi.

"Umerudi, mwanangu?" Sauti ilitoka chumba cha nyuma, kikafuata kikohozi kirefu.

"Nimerudi, Mama. Umekula?"

"Nimeonja kunde. Mkate wa mahindi nimeuacha. Unanuka kabati."

Bi Ozella alikuwa mama mkwe wake. Cleon, mume wa Verdell, alikuwa amefariki miaka michache iliyopita, na wanawake hao wawili walibaki pamoja katika nyumba aliyoijenga baba yake Cleon. Kama nyumba nyingi za huko, ilikuwa imeinuliwa juu ya ukuta mfupi wa matofali. Chini ya sakafu palikuwa na uvungu, na mtu hupita humo kwa kutambaa tu. Ukuta ule mfupi ulikuwa na matundu ya hewa yenye vifuniko vya chuma.

Kando ya kitanda cha Bi Ozella lilisimama sanduku jipya la safari, tupu. Lililetwa na Jerlene, binti yake anayeishi Atlanta. Daktari alikuwa amesema kifua cha mama kinasumbuliwa na hewa yenye ukungu, na Jerlene hakuzungusha maneno.

"Wifi, mimi sikulaumu," alimwambia Verdell, huku sauti yake ikilaumu. "Lakini mwanzo wa Septemba nakuja kumchukua mama yangu. Nyumba inaoza hii. Unataka afie humu?"

Bi Ozella hakutaka kwenda. Watoto wake aliwazaa katika chumba kile kile. "Nikienda kukaa ghorofani Atlanta, nitakufa kabla sijajua swichi ya taa iko wapi," alisema. Verdell naye hakutaka aende. Bila mama yule, angerudi kila jioni kwenye nyumba yenye kiyoyozi na yeye mwenyewe, basi. Lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hana nguvu ya kubishana na wifi.

Si kwamba alikaa bure. Kila Jumamosi alisugua ukungu ukutani kwa jiki hadi machozi yakamtoka. Haukupita muda, ukungu ukarudi palepale. Na kila Jumatatu ya Pasaka alichukua bisibisi ya Cleon, akapiga magoti kuzunguka nyumba, akafungua matundu yote ili uvungu upate hewa wakati wa joto. Baridi ikianza, aliyafunga. Baba mkwe wake alifanya hivyo, na Cleon akafanya hivyo. Verdell hakukosa hata mwaka mmoja. Kwake ilikuwa kama kupeleka maua kaburini.

Jumamosi moja jirani yao, Wanda Locklear, alikuja na kikapu cha bamia. Wanda alikuwa afisa wa wilaya anayewashauri watu mambo ya mashamba na nyumba. Aliwakuta wote wawili barazani, Bi Ozella akinywa chai yake ya baridi yenye sukari nyingi.

"Shikamoo, Bi Ozella. Hicho kikohozi nakisikia mpaka jikoni kwangu."

"Marahaba. Basi usinidai kiingilio, nakuimbia bure."

Wanda alicheka, kisha akamgeukia Verdell. "Dada, uliingia lini uvunguni?"

"Mimi? Kule kuna nyoka!"

"Nyoka mwenye akili kashahama. Twende tukaone."

Wanda alimkataza Bi Ozella kusogea karibu na mlango wa uvungu, kwa sababu vumbi la ukungu ni baya kwa kifua kibovu. Akazima umeme wa upande ule. Yeye na Verdell walivaa barakoa, glavu na nguo kuukuu za mikono mirefu. Kisha wakatambaa ndani na tochi.

Verdell alitamani asingeingia. Udongo ulikuwa unang'aa kwa maji. Sufi iliyowekwa chini ya sakafu kuzuia baridi ilikuwa imelowa na kuning'inia. Maboriti yalikuwa yameota manyoya meupe na madoa meusi. Mabomba mapana ya kiyoyozi yalikuwa yanadondosha maji, tone kwa tone.

"Bomba limetoboka," Verdell alisema.

"Halijatoboka. Na huu hapa je?" Wanda alimulika mpira mpana, mrefu kama bomba, uliolala kwenye udongo.

Verdell aliutambua. Ulitoka kwenye mashine yake ya kukaushia nguo. Ulitakiwa kutoa mvuke nje ya ukuta, lakini ulikuwa umechomoka. Kila nguo aliyoikausha, maji yake yaliishia chini ya kitanda cha mama mkwe wake. Kutwa mvuke kazini, na nyumbani pia mvuke, wa mikono yake mwenyewe. Alihisi kulia.

Wanda alichoma maboriti kwa bisibisi moja baada ya jingine. "Shukuru Mungu, ni magumu bado. Ila hili la pembeni limeoza. Hapo juu mfereji wa paa unamwaga maji ya mvua ukutani."

Walipotoka, Verdell alivua barakoa kwa hasira. "Sasa maji yote haya ya nini? Matundu si nimeyafungua yote?"

"Hilo nalo ni tatizo, dada. Kwa hali ya hewa ya huku, wakati wa joto yanatakiwa yafungwe."

"Hujui unachosema! Cleon alikuwa seremala. Kila Pasaka aliyafungua. Wewe umesoma vitabu, yeye kajenga nyumba za watu."

Wanda alipanda naye barazani kwa Bi Ozella. Aliichukua glasi ya chai ya Bi Ozella iliyokuwa mezani. Nje ya glasi palikuwa na matone ya maji, na mezani palibaki duara la maji.

"Chai imevuja?" aliuliza.

"Haijavuja," Verdell alisema kwa kununa. "Glasi inatoka jasho. Ndani kuna barafu."

"Maji hayo yametoka kwenye hewa. Hewa ya hapa wakati wa joto imebeba unyevu. Ikigusa kitu cha baridi, inautua. Sasa fikiria: kiyoyozi kinapoza sakafu na mabomba, na wewe unaifungulia hewa ya nje njia. Uvungu wako ni glasi hii."

Verdell alichotaka kusikia ni kwamba Cleon hakukosea, na hakuna aliyekuwa akimwambia hivyo.

Bi Ozella akakohoa, akafuta mdomo. "Verdell, baba yake Cleon alipoanza kufungua matundu, tulikuwa na kiyoyozi?"

"Sijui, Mama."

"Hatukuwa nacho. Madirisha wazi mchana na usiku. Ndani joto, nje joto, chini joto. Tuliotoka jasho ni sisi tu. Mzee hakukosea. Cleon ndiye aliyeniletea mashine ya baridi, Mungu amrehemu, akaendelea na desturi ya baba yake. Mwanangu alikuwa mwema, lakini hakuwa malaika. Funga matundu hayo."

Verdell aliinama, akalia waziwazi, glavu bado mkononi. Bi Ozella alimwacha alie.

"Tusiyafunge leo leo," Wanda alisema baadaye kwa upole. "Ukiziba maji ndani, umefuga ukungu. Kwanza tunazuia maji yasiingie, tunakausha, tunafunika udongo, ndipo tunafunga. Na mwenye boila au mashine inayowaka gesi uvunguni asizibe chochote kabla fundi hajaikagua, maana moshi wake ukikosa njia unaua. Wewe huna, nimeangalia."

Kazi ilikwenda polepole, maana Verdell aliifanya akitoka kazini. Mpira wa mashine ya nguo ulirudishwa mahali pake na kubanwa, mvuke ukatoka nje. Mfereji wa paa uliongezewa bomba la kupeleka maji mbali na ukuta. Fundi alibadilisha boriti lililooza. Sufi iliyolowa ilitolewa ndani ya mifuko iliyofungwa. Ukungu wa kwenye mbao ulisuguliwa kwa brashi, maji kidogo na sabuni, kisha mbao zikakaushwa kwa feni.

"Na jiki je?" Verdell aliuliza.

"Jiki inaung'arisha ukungu usiuone. Adui yako ni maji. Yakiondoka, ukungu hauna cha kunywa."

Mwisho walitandika nailoni nene juu ya udongo wote, kingo zikipandiana na kupanda kidogo ukutani. Kisha matundu yakafungwa. Waliweka mashine ndogo ya kunyonya unyevu na kipimo cha unyevu chenye mshale. Wanda alisema mshale usipande juu ya asilimia sitini.

Jerlene alikuja Septemba kama alivyoahidi. Alinusa nyumba kuanzia mlangoni, kama anayetafuta gesi iliyovuja. Harufu ilikuwa imepungua, lakini mama alikuwa bado anakohoa.

"Nampa mpaka Pasaka," alisema. "Sanduku nalo litakaa palepale."

Verdell alikwenda kuangalia kipimo.

Baridi ikaja, ikapita. Mbao za sakafu zilikoma kubonyea. Kikohozi cha Bi Ozella hakikwisha kabisa, lakini alianza kulala usiku mzima. Siku moja alikula mkate wa mahindi wote na kulaumu tu kwamba ni mdogo.

Siku ya Pasaka Jerlene alikuja tena. Alimtazama mama yake akila sukuma wiki na nyama na kuomba kuongezewa. Baada ya chakula alikwenda chumba cha nyuma, akaliinua sanduku lake. Lilikuwa zito.

"Mama, humu umeweka nini?"

"Mablanketi yangu ya viraka. Zamani yaliota ukungu kabatini. Sasa ni makavu. Wewe kanunue sanduku jingine."

Jerlene alilirudisha chini. Kwa mara ya kwanza tangu Cleon afe, alimkumbatia wifi yake.

Kesho yake, Jumatatu, Verdell aliamka mwili ukiwa mzito kama kawaida. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye droo ya bisibisi. Alitoka nje, akapiga magoti kwenye tundu la kwanza.

Bi Ozella alikuwa barazani na glasi yake ya chai. "Unafungua?"

"Nakaza, Mama."

Mama mkwe aliweka glasi chini, akasema, "Kaza na lile la nyuma ya waridi. Cleon alikuwa halifikii vizuri."