Sindano Iliyomshtaki Angetile

Pale Ikombe, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, siku haikuanza kwa uji. Ilianza kwa udongo. Angetile, msichana wa miaka kumi na miwili, aliuponda, akatoa vijiwe vyote, kisha akampelekea shangazi yake Asegelile, mkuu wa wafinyanzi wote. Vyungu vilipokwisha kuchomwa, vilipakiwa mtumbwini hadi Matema, vikabadilishwa kwa mchele na ndizi. Mlima ulishuka hadi majini, nafasi ya shamba ilikuwa finyu. Bila vyungu, watoto walilala njaa.

Mwaka mmoja, enzi za Wajerumani, mvua ilinyesha karibu kila siku, na vyungu vikaanza kupasuka motoni. Leo vitatu, kesho vitano. Wanawake wakakumbuka kwamba msimu huo Angetile ndiye aliyeanza kuchochea moto. Basi wakanong'ona kwamba ana mkono mbaya.

Ndipo akaja Hezroni, mtu aliyewahi kuwabebea mizigo Wajerumani waliopima ardhi. Alivaa koti zito juani, jasho likimtiririka, nadhani kwa sababu lilikuwa koti la Ulaya. Mfukoni alitoa kisanduku cha shaba chenye kioo. Ndani yake sindano yenye ncha nyeusi ilikuwa ikichezacheza.

"Hii ni elimu ya Ulaya," alisema. "Humwonyesha mwenye damu inayovunja vyungu. Simameni, mnizunguke."

Wakamzunguka. Sindano ikatetemeka, kisha ncha nyeusi ikatulia ikimwelekea Angetile.

"Shangazi, si mimi!" alilia.

Asegelile alimpenda sana, lakini angebishana vipi na kitu cha Ulaya? "Usiguse tena udongo," alisema bila kumtazama. "Kesho kutwa utakwenda kukaa kwa mjomba wako, kule kijiji cha Talatala."

Angetile alihisi moyo unamkatika. Kuacha ufinyanzi na kumwacha mama yake, yote kwa siku moja! Alifuta machozi, akakitazama tena kile kisanduku. Hezroni alikuwa amegeuka aondoke, lakini sindano haikugeuka naye. Ilikuwa bado inaelekea upande wa Matema, alikosimama yeye.

"Baba, samahani," alimwambia Hezroni. "Naomba nisimame upande mwingine."

Akahama. Nafasi yake aliichukua Asegelile. Sindano haikujali, ncha nyeusi ikamwelekea mkuu wa wafinyanzi mwenyewe. Mwanamke mmoja akacheka, akajiziba mdomo.

"Damu imehama," Hezroni alisema haraka.

"Basi tuondokeni wote upande ule," akasema Asegelile.

Wakaondoka. Sindano ikaelekea pale pale, kwenye lundo la majani makavu.

"Kumbe majani nayo yana damu!" mama yake Angetile akadakia. Hezroni alifunga kisanduku, akakumbuka ghafla kwamba ana safari.

Lakini vyungu vilikuwa vikipasuka bado. Mama yake Angetile alisema huenda ni unyevu, kwani kwa haraka ya kwenda Matema hawakuvingoja vikauke. Wengine walisema hapana, ni yule mtoto.

"Shangazi, kabla hujanipeleka Talatala, tujaribu," Angetile alisema. "Tuweke vyungu sita jikoni, vikauke siku kumi. Sita vingine vikae siku tatu tu. Tuvitie alama kwa mwiba, tuvichome pamoja."

"Na wewe?"

"Mimi nitachochea."

Siku ilipofika, vile vilivyokauka vilitoka vizima vyote. Kati ya vibichi, vinne vilipasuka. Wanawake wakapiga vigelegele, isipokuwa Angetile.

"Mbona umenuna?" Asegelile aliuliza.

"Huenda ni bahati. Turudie, na mara hii nisiwepo kabisa. Kama ni mimi, hakitapasuka hata kimoja."

Siku ya kuchoma alipanda mtumbwi na mjomba wake, aliyekuja kutoka Talatala, wakaenda mbali mpaka moshi wa kijiji haukuonekana. Alikaa akitazama kule walikotoka. Je, kama vyote vitapona?

Waliporudi, shangazi yake alikuwa amesimama majini hadi magotini, akimngoja. Mkononi alishika kigae.

"Vikavu vimepona vyote," alisema. "Vibichi vimepasuka vitano, nawe hukuwepo. Nilikukosea, mwanangu. Niliogopa kile kisanduku kwa sababu kilitoka mbali na kiling'aa."

"Kwa hiyo sindano ni ya uongo?"

"Sindano haikusema uongo. Inajua kuonyesha upande mmoja, labda inawafaa wenye safari. Aliyesema inaona damu ni Hezroni, na hakutaka tumjaribu. Wewe ulitaka tukujaribu mara mbili, hata kama ungeshindwa. Mtu akikuletea elimu, muulize tutajuaje kama amekosea. Akikasirika, mwache aende zake."

"Ndaga, shangazi," Angetile alishukuru, machozi yakimtoka.

"Usinishukuru mimi niliyetaka kukufukuza," alisema Asegelile. Akamshika mkono ule uliosemwa kuwa mbaya, akaupeleka kwenye udongo mbichi, mbele ya wanawake wote.