Pazia la Dirisha Lisilokuwepo

Sogeeni, majirani. Na nyinyi wenye nyumba za kupangisha msikae mbali, maana yenu yamo.

Asubuhi chumbani kwa fundi cherehani ilikuwa na raha yake. Yeye akishona, mama mkwe wake kitandani akisimulia habari za mtaa mzima kana kwamba ana sikio katika kila nyumba. Ndiyo maana wapangaji walimwita Bibi Redio. Walisimama mlangoni na ndoo zao, wakacheka mpaka wakasahau maji waliyokuwa wakiyafuata.

"Basi yule muuza mkaa," Bibi alisema siku hiyo, "mkewe alipomuuliza alikolala, akamjibu..."

Kikohozi kikamkatiza. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, akajilaza ubavu, na hadithi ikaishia hapo. Wapangaji walisubiri kidogo, kisha wakaondoka mmoja mmoja. Fundi alisimamisha cherehani. Tangu aolewe katika familia ile hakuwahi kumsikia mama mkwe akiacha umbea katikati, na alishikwa na hofu.

Niwaeleze nyumba yenyewe. Mwenye nyumba tulimbandika jina la Subirini, kwa kuwa ukimwambia paa linavuja au choo kimeziba, jibu lake lilikuwa hilo hilo. Nyuma ya nyumba alijenga ghala la saruji, akaliegemeza ukutani, na madirisha yote ya vyumba vya nyuma akayaziba kwa matofali. Sheria ya jiji ilisema chumba cha kupanga lazima kiwe na dirisha, la sivyo nyumba ifungwe. Sheria nzuri, sivyo? Lakini jiulizeni, nyumba ikifungwa, nani anayelala nje? Si Subirini.

Basi akapigilia fremu za madirisha juu ya kuta tupu, akamwomba fundi azishonee mapazia. Na fundi, maskini, akashona kwa ufundi wake wote, maua huku, marinda kule. Mkaguzi wa jiji alipokuja aliishia mlangoni, akayasifu mapazia, akaenda zake. Wapangaji wote walijua, na wote walifyata mkia.

Fundi alimpeleka Bibi zahanati. Nesi alimpima kifua, akatikisa kichwa.

"Dawa nitampa, lakini mbona kila mwezi mnarudi? Chumba chenu kina dirisha?"

"Kina," fundi akajibu upesi. Alikuwa amezoea mno kuwajibu hivyo watu wenye kalamu mkononi.

"Vizuri. Basi alale karibu nalo, apate hewa."

Wakarudi nyumbani, wakasogeza kitanda mpaka chini ya pazia. Ndiyo, mnacheka, lakini walifanya hivyo kweli. Fundi aliona aibu kurudi kusema ukweli, na ushauri wa nesi hakutaka kuupuuza.

"Hewa hii ya pazia," Bibi alisema, "ina maua mengi, lakini haiingii puani."

Pale ukutani ndipo palipokuwa na unyevu kuliko kwingine kote, kwa sababu maji ya paa la ghala yalishukia upande wa pili. Haukupita muda Bibi hakuweza tena kuongea maneno matatu bila kuhema. Wakarudi zahanati, na safari hii nesi hakutaka kuzunguka. Alimwambia fundi kwamba mama akiendelea hivi, mapafu yake hayatahimili.

Fundi alirudi akalitazama pazia lake. Lilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kushona, na alilichukia.

Mkaguzi alipokuja tena, Subirini akiwa nyuma yake anatabasamu, alimkuta fundi amesimama juu ya kiti. Fundi akalivuta pazia chini. Nyuma ya fremu palikuwa na matofali yenye ukungu mweusi.

"Mama, kwa sheria hapa nafunga nyumba," mkaguzi alisema taratibu.

"Funga. Tutahamia mtaa wa pili, kwenye chumba kama hiki, na huko nako nitaombwa nishone mapazia. Mama yangu atakoholea huko badala ya hapa. Hakuna njia ya kumfungia yeye ghala, sisi ukatuachia nyumba?"

Mkaguzi alijikuna kidevu. "Ipo. Naweza kuamuru ghala libomolewe na mpangaji asiguswe. Ila ni lazima wapangaji walalamike wenyewe, na nyumba hii haijawahi kulalamika. Kila nikija mnanionyesha maua."

"Subirini kwanza," mwenye nyumba akaanza.

"Tumesubiri, baba," Bibi akasema kutoka kitandani, akipumua kwa shida. "Mpaka pumzi zimetuishia."

Mlangoni jirani mmoja akasema, "Na mimi nalalamika." Kisha mwingine. Walilalamika mpaka mkaguzi akaomba kiti.

Ghala likabomolewa, madirisha yakazibuliwa. Bibi hakupona kwa siku moja, lakini kifua kilifunguka kidogo kidogo, na sasa habari zake hazipokei kwa watu, anajionea mwenyewe dirishani. Mtaa mzima umeanza kuwa na adabu. Kwa lile pazia la maua fundi alimshonea Bibi gauni.

Asubuhi moja wapangaji walikuta Bibi amekaa dirishani na gauni lake.

"Tulifika wapi?" aliuliza. "Ndiyo, muuza mkaa." Akavuta pumzi ndefu, ikaingia yote, na fundi akainamia cherehani ili wasimwone akilia. "Akamjibu mkewe, nilikuwa nasubiri uamke unifungulie. Na mlango wao hauna hata komeo."

Funzo

Afya ya mtu huanzia chumbani anamolala, na dawa haiwezi kufanya kazi ya dirisha. Enyi mnaotunga sheria, msitunge sheria inayomtisha mpangaji kuliko mwenye nyumba, maana mtaishia kuonyeshwa mapazia. Nasi wapangaji, tusisaidie kuficha kinachotuua kwa kuogopa kufukuzwa. Tukiulizwa kama tuna dirisha, tuseme kweli, na tuseme wote.